Siku Mama Mkwe Aliponiona Uso

Aibu hii siisimulii mara kwa mara, na mke wangu akiwapo siisimulii kabisa, maana yeye akianza kucheka anacheka mpaka machozi yanamtoka, halafu katikati ya kicheko yale machozi yanageuka kuwa ya kweli, na jioni yote inaharibika. Lakini leo hayupo, na nyie mmeniuliza kwa nini pale Nkwenda bado kuna wazee wananiita Bwana Mlango, mimi niliyekuwa bwana shamba, mtu wa kahawa na migomba, mwenye cheti changu halali kabisa. Basi tulieni niwaambie, ila mkicheka mcheke polepole.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea kuisha. Kyerwa haikuwa wilaya bado, sote tulikuwa Karagwe, na mimi nilikuwa nimehamishiwa Nkwenda kutoka kwetu Muleba. Mke wangu Kokugonza, binti wa Chonyonyo, ndiyo kwanza alikuwa amepata kazi ya uhudumu pale zahanati, kupima watoto uzito, kufunga vidonda, kuchemsha sindano, na alikuwa bado kwenye majaribio. Mganga aliyekuwa mkuu wake hakuwa mtu mbaya, ila foleni ikisimama alikuwa anapandwa na hasira, na alikwisha kumwonya kwamba akiacha kazi tena kwa ajili ya mtoto, abaki huko huko nyumbani na mtoto wake. Na mshahara ule wa mke wangu tulikuwa tunauhitaji, jamani, msinione nimevaa koti leo. Wangu ulikuwa unafika umechelewa na kuondoka mapema. Kwa hiyo maisha yetu yote wakati ule yalikuwa yamening'inia kwenye jambo moja tu: nani anabaki na mtoto. Mtoto mwenyewe, Mugisha, alikuwa ameanza kutambaa, na alikuwa anatambaa kama anayekimbiza basi.

Tulikuwa na yaya mzuri, Speransia, msichana wa Songambele, mpole, msafi, mtoto amemzoea mpaka usiku anaota anamlilia. Siku moja akaja amejiinamia, anachezea ncha ya kitenge, akasema kuna mfanyabiashara pale sokoni anamtaka akalee watoto wake, atamlipa zaidi, atampa khanga kila sikukuu na sabuni yake mwenyewe. Akasema yeye hataki kuondoka, anaomba tu tumwongeze kidogo, hata tusifike kwa yule tajiri. Mke wangu akanivuta chumbani.

"Baba Mugisha, mwongeze. Mtoto amemzoea."

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoharibu, maana nilikuwa na kichwa kigumu na kiburi cha mwenye cheti, nikaona mtumishi wa serikali hawezi kuendeshwa na msichana wa kazi, tena habari ya sabuni ndiyo ilinichoma zaidi (sabuni wakati ule ilikuwa kitu cha kutafutwa, mimi mwenyewe nilikuwa naoga na kipande chembamba kinachokatika mkononi). Nikasema aende. Nikasema mama yako si yupo Chonyonyo, migomba yake inapaliliwa na wajukuu wengine, aje akae na mjukuu wake, bure, na mapenzi juu.

Kokugonza akanitazama kama aliyeniona napoteza akili. "Mama? Aje akae humu ndani? Na wewe humo humo?"

Nikamwambia tutapangana.

Kwa asiyetoka huku kwetu nieleze kidogo. Kwa Wahaya na Wanyambo, mama mkwe na mkwewe wa kiume wanaheshimiana kwa kukimbiana. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Na chumba anacholala mama mkwe ndiyo usiseme kabisa, mkwe kuchungulia humo ni sawa na kumvua nguo. Siku hizi vijana wanapiga picha harusini wamewashika mama wakwe mabega, mimi nikiona naangalia pembeni. Mama wa namna ya mama mkwe wangu, mwanamke wa Chonyonyo aliyelelewa akaleleka, asingekanyaga kwangu hata kwa kuvutwa, ila mke wangu alikwenda akamlilia, akamweleza habari ya mganga na ile kazi, na mama kwa kumhurumia binti yake akaja, na mkungu wa ndizi kichwani, na sharti lake moja: amekuja kwa mtoto, hakuja kwa mwenye nyumba, yeye asinione na mimi nisimwone.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga na ilikuwa ndogo. Sebule, chumba chetu, na stoo karibu na mlango wa nyuma, tukatoa magunia, ikawa chumba cha mama. Jiko lilikuwa nje, na nyuma ya jiko kibanja, migomba na kahawa, ambako ndiko nilikuwa na shamba langu la mfano la kufundishia wakulima. Tukapanga hivi: mimi nikifika kwenye ua nagonga kengele ya baiskeli, mama akisikia anamweka mtoto kwenye mkeka sebuleni, anatokea mlango wa nyuma na kuingia kibanjani, mimi naingia kwa mlango wa mbele. Nikitoka nagonga kengele tena, anarudi kwa mjukuu wake. Nikiwa sina baiskeli, nakohoa. Hata mpango wa vita haukukamilika kuliko huo.

Akitaka kuniambia jambo, alikuwa anasimama nyuma ya ukuta wa jiko na kumtuma mtoto. "Mugisha, mwambie baba yako chumvi imekwisha." Na mimi kutoka upande wangu: "Mugisha, mwambie bibi nitaleta jioni." Mugisha, ambaye alikuwa hajui kusema hata "baba", anapiga makofi tu.

Mke wangu alifurahi sana siku za mwanzo, anawahi kazini, anarudi anakuta mtoto ameshiba na kuogeshwa, na mganga akaanza hata kumsifu mbele ya wagonjwa. Mimi kwa nje nilijipiga kifua, nikawaambia wenzangu mnapoteza mshahara kwa mayaya bure. Lakini ndani, hee! Nilikuwa naishi kama mwizi kwenye nyumba ninayoilipia kodi mwenyewe. Kwenda msalani mpaka nisikilize kwanza hatua za mtu. Alfajiri moja mafua yalinishika nikakohoa kitandani, nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa, maskini mama anatoka kwenye umande akidhani natoka chumbani. Tangu hapo nikawa nalala nimejiziba mdomo kwa shuka. Wasiwasi ulikuwa ni mmoja tu, nisije nikamkosea huyu mama heshima akafunga mizigo yake, maana akiondoka mke wangu hana kazi, na mke wangu akikosa kazi sijui tungekula nini.

Basi siku yenyewe. Bosi wangu alikuwa anakuja kutoka Kayanga, makao makuu ya wilaya, na gari kuangalia shamba la mfano, nami niliwaita wakulima kwenye ofisi ya chama cha ushirika, kwanza waelezwe habari ya kupogoa mikahawa, kisha twende sote kwangu wakaone kwa macho. Asubuhi hiyo baiskeli ikapata pancha. Nikaiacha kwa fundi pale sokoni, nikaenda ofisini kwa miguu, na nilipofika nikakumbuka mkasi wa kupogolea nimeuacha nyumbani. (Bwana shamba anafundisha kupogoa bila mkasi! Nilianza kutoka jasho saa hiyo hiyo.) Nikarudi nyumbani nusu natembea, nusu nakimbia, nikafika kwenye ua, nikakohoa. Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na kufungwa, nikajua mama ametoka. Nikaingia. Mkeka uko pale sebuleni, mtoto hayupo. Nikasema moyoni, leo bibi ametoka naye mgongoni. Mara nyingine alikuwa akifanya hivyo akienda kuokota majani makavu ya kuwashia moto, kwa hiyo sikushtuka hata kidogo. Nikachukua mkasi chini ya kitanda changu, nikatoka mbio. Na kwa haraka ile, na bila kengele, nikasahau kukohoa wakati wa kutoka.

Mnaona? Kikohozi kimoja tu.

Huko ofisini mambo yalikwenda vizuri mno, bosi alifika, nikaeleza, nikaulizwa nikajibu, wakulima wakaitikia kwa vichwa, bosi akaandika andika, na mimi kifua kikapanda. Tukaondoka msafara mzima kwenda kwangu, bosi mbele pembeni yangu, nyuma wakulima, na nyuma yao mwenyekiti wa kijiji na wanawake waliokuwa wametoka sokoni wakaona watu wakaungana nasi. Tukapitia nyuma, moja kwa moja kwenye kibanja, nami naongea kwa sauti nikimwonyesha bosi namna nilivyotandaza nyasi chini ya mikahawa, kwa mkono mmoja nikasogeza jani la mgomba lililotuzibia njia, nikakutana na mama mkwe wangu uso kwa uso.

Alikuwa amekaa chini kwenye majani makavu, miguu ameinyosha, anasuka mkeka, amekaa pale tangu nilipokohoa, anangoja kwa adabu zake zote nitoke nyumbani kwangu ili arudi ndani. Alikuwa peke yake.

Nyuma yangu nikasikia kishindo, nikageuka, nikaona wakulima wote kama walioamrishwa wamegeuza migongo kutustahi. Bosi wangu peke yake, ambaye kwao si huku, ndiye aliyebaki ametoa macho, anauliza, "Kuna nini? Nyoka?" Mama alikwisha kujifunika khanga uso mzima. Mimi nami nilikuwa nimejiziba macho kwa kofia, na ningekwisha kukimbia, ila nikakumbuka kwamba nimemwona hana mtoto, nikauliza huku nikiwa nimeuelekeza uso kwenye mgomba.

"Mama, Mugisha yuko wapi?"

Akanijibu kutoka chini ya khanga. "Si unaye wewe? Si uko naye ndani tangu asubuhi?"

"Mimi nilichukua mkasi tu nikaondoka. Si ulitoka naye?"

Mama akaivuta ile khanga yote ikaanguka chini. Nikamwona uso, naye akaniona wangu, na wala hatukukumbuka kuangalia pembeni. Alikuwa na uso wa mke wangu kabisa, ila umezeeka. "Nilimwacha mkekani," akasema. "Nilisikia umekohoa nikamwacha mkekani."

Nilikimbilia ndani. Sebuleni hakuna. Chumbani kwetu nikapindua godoro, nikaangalia nyuma ya sanduku, chini ya kitanda. Jikoni hakuna. Nikaangalia kwenye pipa la maji, nikaingiza mkono wote mpaka bega, hakuna. Nikaenda msalani, nikapiga magoti, nikamulika tochi ndani ya lile shimo, na hapo ndipo nililia, tena kwa sauti, mwanaume mzima mbele ya bosi wake. Shimo halikuwa na kitu. Nikarudi ndani tena, nikafika kwenye mlango wa ile stoo, chumba cha mama. Ulikuwa wazi kidogo. Nikasimama hapo hapo nje, nikageuza uso ukutani, nikaita, "Mugisha! Mugisha!" Kimya. Nikaondoka. Mwenyekiti wa kijiji akaniuliza, "Umeangalia nyumba yote?" Nikajibu nimeangalia yote, na Mungu ni shahidi yangu, wakati ule niliona nasema kweli.

Na mama mwenyewe? Kwa nini hakwenda kuangalia chumbani kwake? Atakwendaje, na mkwewe yumo ndani ya nyumba anazunguka? Alibaki kibanjani ameshikwa na wanawake, anajipiga mapaja, anasema amempoteza mtoto wa watu.

Mtu mmoja akapiga nduru. Mkiwa wa huku mnajua nduru ikipigwa kila mwenye miguu anatoka, na kweli walitoka, wenye mapanga, wenye fimbo, wauza ndizi waliacha ndizi zao chini. Maneno nayo yakakimbia kuliko watu, kwamba mtoto wa bwana shamba ameibwa, anavushwa mpaka kupelekwa Uganda. Bosi wangu (nilimwonea huruma, alikuja kuangalia mikahawa) akatoa gari likafunge barabara. Mimi nikawa napelekwa huku na huku kama bendera, kila mtu ananishika mkono, njoo huku bwana shamba, njoo uone hapa. Kichwani mwangu nilikuwa napiga hesabu ya jinsi nitakavyomwambia mke wangu, na kila nikianza sentensi haifiki mwisho.

Hapo ndipo vijana wakapiga kelele kutoka barabarani kwamba wamempata. Nikakimbia. Nikakuta wamemzingira mwanamke mmoja niliyekuwa namjua kwa sura tu, Daforoza, mama mwenye asili ya Burundi aliyekuwa anapalilia vibanja vya watu kwa malipo, mtoto amemfunga mgongoni na kumfunika khanga mpaka kichwa. Alikuwa anatembea haraka, wakamsimamisha, akawaambia ni mtoto wake, wakasema mbona unakimbia, mbona umemficha. Mmoja akasema hao ndio wanaovusha watoto. Alikuwa amebanwa katikati ya mapanga na fimbo, hasemi tena chochote, ameishika tu miguu ya yule mtoto kwa mikono yote miwili.

"Bwana shamba, njoo umtambue."

Ningeweza kusema hapana. Mtoto wangu alikuwa mnene, miguu ile niliyoiona imeshikwa ilikuwa miembamba, baba yeyote angejua. Lakini niliishika ile khanga kwa mkono wangu mimi mwenyewe nikaivuta. Ndani alikuwa mtoto wa kike, macho mekundu, anachemka homa hata bila kumgusa unaona. Alikuwa anampeleka zahanati. Nikasema si wangu. Hata hivyo hawakumwachia, wakasema aje naye mpaka ukweli ujulikane, nami sikufungua mdomo.

Tulipofika nyumbani Kokugonza alikuwa ameshafika, na gauni lake la kazi, ameacha foleni yote pale zahanati. Hakulia. Alinishika kola mbele ya wazee, mbele ya bosi wangu, mbele ya soko zima la Nkwenda lililohamia uani kwangu.

"Umeangalia chumba cha mama?"

"Nimeita."

"Nimekuuliza umeingia?"

"Naingiaje chumba cha mama mkwe, Koku?"

Halafu, na hili ndilo linaloniumiza mpaka leo, mzee mmoja akakohoa akasema, "Hapo kijana hana kosa," na wazee wengine wakaitikia, kweli, hana kosa, asingeweza kuingia. Mke wangu akaniachia kola. Akaingia ndani. Tukasikia kitanda kinasogezwa. Akatoka amembeba Mugisha, ana usingizi, shavu moja limeandikwa alama za gunia alilolalia, na mkononi kashika kipande cha ndizi mbivu kilichopondeka, amekwenda kujiibia kwenye ndizi ambazo bibi yake alikuwa anaziivisha kwa gunia chini ya kitanda, akala, akalala. Watu kwanza wakapiga vigelegele. Kisha mtu mmoja akauliza kumbe alikuwa wapi, akajibiwa, na wewe baba ulikuwa umesimama wapi, nikasema nilikuwa mlangoni, na kicheko kilichopanda pale uani nafikiri kilifika Kayanga kabla ya bosi wangu. Jina la Bwana Mlango lilizaliwa saa hiyo hiyo.

Mimi nilimshika mwanangu nikamnusa kichwa, na nilipoinua macho nikamwona Daforoza. Alikuwa bado amesimama pale pale walipomwacha, anajaribu kumfunga mtoto wake upya mgongoni, khanga inamponyoka. Hakuna aliyemwambia kitu. Watu walikuwa wanapita wanacheka, wanampisha kama mti. Kokugonza ndiye aliyemwendea, akamgusa yule mtoto paji la uso, akanirudishia jicho ambalo sitalisahau, akamshika Daforoza mkono wakaenda zahanati pamoja.

Mganga hakumfukuza kazi. Alimtazama akiingia na mgonjwa aliyezidiwa, akamwambia ampe sindano kwanza, maneno baadaye, na baadaye akamwambia hii ni ya mwisho, Jumatatu aje ana mtu wa kumlea mtoto au asije kabisa. Na mtu mwenyewe hatukuwa naye, maana kesho yake mapema mama alikuwa amefunga mzigo wake. Alisimama nyuma ya ukuta wa jiko kama kawaida.

"Mugisha, mwambie baba yako sina kinyongo. Lakini ameniona uso mbele ya watu. Sasa nitakaa hapa nikiwa nani?"

Bosi alikuwa amelala Nkwenda, akampa lifti kwenye gari, na mimi nilikaa ndani mpaka nikasikia gari limeondoka.

Speransia tulimwendea sokoni, akatusalimia vizuri sana, akasema samahani, kule aliko yuko sawa. Siku zikabaki mbili. Mke wangu hakunilaumu, afadhali angenilaumu, alikuwa anafua gauni la kazi na kulianika na kulianua, kama mtu anayeaga. Jumapili baada ya ibada akaniambia twende. Nikamuuliza wapi, akasema kwa yule mama uliyemvua mtoto wake khanga.

Nilikwenda nyuma yake hatua kadhaa, nawaambieni ukweli, nilitamani njia iwe ndefu. Daforoza alikuwa anakaa kwenye kijumba cha nyasi mwisho wa kibanja cha mtu mmoja aliyekuwa anampalilia, mtoto wake amepata nafuu, yuko mgongoni anacheza na nywele za mama yake. Alipotuona akasimama. Nikamwomba radhi, nikasema maneno mengi, naona nilisema mengi mno, akawa ananisikiliza akiangalia jembe lake. Kokugonza akamweleza shida yetu waziwazi, zahanati, Jumatatu, akamwuliza kama angekubali kumlea Mugisha pamoja na wa kwake, hapa hapa au kwetu, apendavyo.

Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Kisha akataja malipo anayotaka. Yalikuwa juu kuliko ya Speransia, juu kuliko hata ya yule tajiri wa sokoni, na nikajikuta nimesema sawa mama kabla hajamaliza. Akatikisa kichwa, kana kwamba hilo halikuwa lenyewe.

"Nitamlea huko kwenu. Lakini wewe baba," akanitazama usoni, mara ya kwanza, "kila siku ukitoka na ukirudi utaniita jina, kwa sauti, majirani wasikie. Na utawaambia kwamba mtoto yuko na mimi kwa idhini yako. Mimi nikionekana na mtoto wa watu mgongoni, peke yangu barabarani, unajua watakachonifanyia."

Nikasema najua. Nilikuwa najua, niliwahi kuwa mmoja wao.

Akaifungua khanga, yeye mwenyewe, taratibu, akamtoa mtoto wake mgongoni, akamgeuza uso kwangu.

"Huyu anaitwa Konsolata. Mwangalie vizuri."

Nikamwangalia. Alikuwa na meno mawili ya chini, na kidoti cheusi karibu na sikio, na alinichekea kwa sababu hakuwa na habari mimi ni nani. Siku ile niliapa, na kiapo hicho sijakivunja: mwanamke akinitajia bei ya kumlea mtoto wangu, mdomo wangu haufunguki ila kusema asante.